Fomu ya Bima Niliijaza Mimi

Baba,

Kabla hujasikia kwa mtu mwingine huko uliko, bora nikwambie mwenyewe: nimevunja gari la watu kwa nyundo yako. Ile uliyoizungushia utepe mweusi kwenye mpini. Nilivunja kioo cha mbele, cha nyuma na taa zote mbili, na kidogo tu nimpasue mtu kichwa. Mimi Asha, ambaye ulikuwa ukinicheka kwa sababu siwezi hata kuchinja kuku.

Mwaka na miezi miwili sasa tangu tukuzike. Barua hii nimeianza mara nyingi na kuichana. Leo siichani. Nitakusimulia tangu mwanzo, maana ulikuwa humpendi mtu anayesimulia kwa kurukaruka.

Mwenye nyumba wa Tottenham alipokuandikia kwamba anaiuza nyumba yake, ulikuwa na miaka sabini na mbili, na mama ana minne kaburini. Nikakwambia njoo Barking ukae na sisi. Ukakitazama kile chumba cha wajukuu zako, kitanda juu ya kitanda, ukasema, "Asha, mimi si kabati la kutafutiwa pembe." Wiki ya pili yake ukanipigia simu niteremke chini. Nikakukuta umekaa kwenye usukani wa jigari jeupe lenye mstari wa buluu, ndani lina kitanda, jiko la gesi, sinki na choo. Kiinua mgongo chako chote cha gereji ya mabasi kilikuwa kimeishia hapo. Ukanicheka nilivyoshika kichwa. "Niliondoka Pemba kijana kwa kufukuzwa, na sasa nafukuzwa Tottenham mzee. Nyumba hii ina magurudumu. Wakinifukuza, naondoka nayo."

Watu wanadhani anayeishi ndani ya gari hana gharama. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka baridi ilipoanza na mtungi wa gesi ukawa unakwisha kwa siku nne. Ulilipia bwawa la kuogelea, wewe usiyejua kuogelea, ili upate kuoga maji moto. Ulilipia mashine za kufulia. Gari lilikuwa la dizeli na la zamani, kwa hiyo kila siku uliyowasha injini ndani ya London ulitozwa ushuru wa moshi. Ndiyo maana ukipata pahala ulikuwa hupendi kuhama. Hukulalamika. Ulinunua blanketi jingine tu.

Lakini bima, baba. Niiseme sasa.

Tulikaa mezani kwangu, mimi na kompyuta, wewe na chai yako. Nikawa nakusomea maswali. Jina. Umri. Gari linalala wapi? Nikaandika anwani yangu ya Barking. Likaja swali jingine: je, kuna mtu anayeishi humo moja kwa moja? Nikabonyeza ndiyo. Kampuni tatu zikatukataa papo hapo, ya nne ikataka karibu mara tatu ya tulichotarajia. Nikarudi nyuma nikabonyeza hapana. Bei ikashuka pale pale.

Ukakiweka kikombe chini. "Andika kweli, mwanangu."

"Baba, kila mtu anafanya hivi. Ni fomu tu."

Ukanitazama. Ukasema, "Haya, weye ndiye uliyesoma," ukanipa kadi yako ya benki.

Ukapata pahala Edmonton, barabara iliyo nyuma ya maghala, upande mmoja ukuta na upande wa pili nyumba za watu. Kaunsili ya mji ilikuwa haijakataza magari makubwa pale. Kwa miezi mitano ulikaa vizuri. Ulinihadithia jirani anayekujazia maji, na paka aliyezoea kulala juu ya injini. Kisha akaja Keith, bwana wa nyumba ya kona, mwenye pikapu nyeusi. Mwanzo alibandika karatasi: ondoka. Baadaye akatema mate kwenye kioo ukiwa ndani unakula. Kisha matairi mawili yakachanwa kwa kisu, ukanunua mengine. Ulikwenda polisi, wakaandika, wakakupa namba. Nilikwambia hama, ukasema unahama mwisho wa mwezi, umeshaona pahala karibu na mto.

Jumanne ile ukanipigia nikiwa kazini, nikimlisha bibi mmoja uji. Tofali limepita kwenye kioo cha mbele na kuangukia kiti cha dereva. Sauti yako ilikuwa inatetemeka, na mimi nilikuwa sijawahi kuisikia ikitetemeka, hata siku ya mama.

"Asha, wapigie watu wa bima. Waje watie kioo, niondoke hapa leo hii."

Na mimi, baba, nilisema hapana.

Nilisema wakija wataona kitanda, masufuria, msala wako, dawa zako kwenye rafu. Watajua unaishi humo, watauliza nani alijaza fomu. Nilisema, "Subiri mshahara wangu, siku kumi na moja tu. Nitalipa kioo mwenyewe, hakuna atakayeuliza kitu."

Ukasema, "Haya." Ukaziba lile tundu kwa ubao na utepe. Gari lisilo na kioo cha mbele haliendeshwi. Nyumba yako yenye magurudumu niliifunga pale mimi, mbele ya mlango wa mtu anayekuchukia, kwa siku kumi na moja.

Keith alikuja siku ya nane.

Ilikuwa Jumanne tena, saa tatu asubuhi, jua limetoka. Kamera ya mlango wa jirani ilichukua kila kitu, na polisi walinionyesha kwa sababu niliwalazimisha. Pikapu inarudi nyuma kwa kasi na kile chuma chake cha kuvutia tela. Inagonga. Gari lako linapanda ukingo wa barabara. Uso wako unatokea kwenye dirisha la ubavuni, unanyanyua mkono, unamwambia ngoja. Pikapu inasogea mbele, inasimama, na mimi kila nikitazama hudhani imeshatosha. Inarudi tena. Safari hii ubavu wote unaingia ndani. Birika lilikuwa jikoni linachemka, nalo likakumwagikia kifuani, na kichwa chako kikapigwa kwenye sinki. Anashuka. Anaufungua mlango kwa kuung'oa. Anakuburuta kwa ukosi wa shati mpaka kwenye lami na kuanza mateke. La kwanza lilikuwa la mbavu. La pili siliandiki.

Uliishi siku tisa. Siku ya tatu ulifumbua macho ukaniuliza, "Gari liko wapi?" Lilikuwa limeshavutwa kama mkebe uliokanyagwa. Nikakwambia, "Lipo salama, baba. Limetiwa kioo kipya." Ukasema alhamdulillahi. Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho niliyoyasikia, na yalijibu uongo wangu.

Khamis alikuosha. Kaka yangu yule usiyewahi kumwona akilia alitoka chumba cha kuoshea akaenda kupiga ukuta wa msikiti kwa ngumi mpaka vidole vikachanika. Matangani, watu wamejaa na kahawa inapita, akasema mbele ya wote, "Mzee alikuwa mbishi. Kioo kimevunjwa wiki nzima na hakutaka kudai bima! Angedai, angekuwa hai." Watu wakatikisa vichwa. Wakanigeukia mimi, binti aliyekuwa karibu nawe. Na mimi nikatikisa kichwa kukubali.

Nikatikisa kichwa, baba. Maiti yako haina hata siku mbili.

Mwezi ulipokwisha ikaja barua ya kampuni ya bima. Wameona vyombo vyako kwenye picha za polisi. Bima inahesabiwa kuwa haikuwepo tangu siku ya kwanza, kwa sababu maelezo yaliyotolewa hayakuwa ya kweli. Hawalipi gari wala kilichokuwemo. Niliisoma nimesimama kwenye ngazi. Polisi walikuwa wameshaturudishia vitu vyako kwenye mifuko, na nyundo ilikuwa juu kabisa. Niliitia kwenye mkoba wangu wa kazi, nikapanda treni, kisha basi, hadi Edmonton. Njiani sikuwaza kitu. Nilikuwa nasikia mapigo ya moyo kwenye meno.

Keith alikuwa rumande. Pikapu yake ilikuwa imechukuliwa. Mlangoni kwake kulikuwa na gari dogo jekundu, nikalianza hilo. Kioo cha mbele hakikuvunjika kwa pigo la kwanza, kilifanya utando wa buibui. Nikakipiga tena. Nilikuwa nasema kitu kwa kila pigo na sijui nilisema nini. Nilivunja taa. Nikahamia nyuma. Vipande viliniingia mkononi, na damu ilinipa raha, Mungu anisamehe, ilinipa raha kweli.

Mwanamke akatoka mbio na slipa, anapiga kelele, "Langu hilo! Ni gari langu!" Alikuwa Linda, mkewe. Nikamgeukia. Nilikuwa nimeshainyanyua nyundo, na hakuwa mbali nami hata hatua mbili. Akajifunika kichwa kwa mikono miwili akachutama. Hakukimbia. Alichutama kama mtu aliyekwishazoea.

Nikaushusha mkono kwenye boneti. Nyundo ikakwama hapo. Nikakaa chini kwenye vigae vya kioo.

Akasema, "Wewe ni binti yake yule mzee." Akaingia ndani, akatoka na taulo la jikoni, akanirushia nifunge mkono. Hakunikaribia. Tukawangoja polisi hivyo, yeye kizingitini, mimi chini.

Hakutaka nishtakiwe. Nilipewa onyo na nikatia saini. Bima yake ililipa vioo na taa siku ya tatu. Walimuuliza gari lilikuwa limelala wapi, akasema mlangoni kwake, na ilikuwa kweli.

Kesi ikasikilizwa mwezi uliopita. Keith alisema mguu ulimteleza kwenye pedeli, na kwamba hakujua kama mna mtu ndani. Mateke, alisema, hasira zilimzidi. Wakili wake alizungumza vizuri sana, na niliwaona watu wawili watatu wa lile baraza la raia wanaoamua hatia wakiandika. Kisha upande wa mashtaka ukamwita Linda. Sote tuligeuka. Alipanda kizimbani amevaa koti la kazi, akasema asubuhi ile walikuwa wanakula mayai, mumewe akatazama dirishani akasema, "Yumo. Naona mvuke wa birika lake. Leo namtoa." Akauliza kama anaweza kukaa. Keith alimtazama kwa jicho ambalo nililitambua, maana nami nilikuwa nalo siku ile ya nyundo.

Akahukumiwa miaka kumi na minane. Khamis alinibana mkono mpaka ukauma. Mimi nilitaka nimwone Keith akivunjika, nisikie sauti ya kitu kukatika. Hakuvunjika. Aliomba maji, akapewa, akanywa, akateremshwa chini. Nje nilimkuta Linda anangoja basi. Nilimwambia asante. Akatikisa kichwa akasema, "Nilipaswa kusema siku ya matairi." Basi lake likaja.

Sijamsamehe, baba, sikudanganyi. Lakini aliyasema yake mbele ya mumewe na watu wote. Na mimi? Mahakamani hakuna aliyeniuliza habari za bima. Nilipita pembeni nikatoka safi.

Jumapili Khamis alikuja kula. Akawa anawasimulia watoto habari zako, jinsi ulivyoweza kuitambua injini mbovu ukiwa ghorofani. Halafu akamaliza kama anavyomaliza siku zote, kwamba ubishi wako ndio uliokuua. Salma wangu, ambaye unajua anasikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, akaniuliza kwa Kiingereza chake kama babu alikuwa mjinga.

Nilikuwa na sahani mkononi. Nikaiweka. Nikasema la, babu hakuwa mjinga, nikaenda chooni nikajifungia.

Kwa hiyo hii ndiyo ahadi yangu. Kesho ni Ijumaa. Khamis akitoka msikitini atapita hapa, nimeshamwita. Salma na mdogo wake watakaa pale pale walipokaa Jumapili, na mume wangu pia, ambaye naye hajui. Nitawaambia kwamba siku ile ulinambia niandike kweli nikakataa. Kwamba siku ya tofali uliniomba niwapigie nikakataa. Kwamba ulitaka kuondoka, na mimi ndiye niliyekuzuia. Nitawaonyesha fomu yenyewe, bado ninayo kwenye kompyuta. Khamis ana mkono mzito, wewe unaujua, na hasira zake hazisubiri. Akinipiga, sitajikinga. Akiondoka asirudi, nitamfuata hadi kwake nimwambie tena, mpaka aache kulitaja jina lako kwa neno lile la ubishi.

Nisamehe ukiweza, baba. Ukiwa huwezi, pumzika tu. Mwenyezi Mungu akupe makao ambayo hakuna wa kukuondoa.

Kwaheri, babaangu.

Mwanao,
Asha