Mashine ya mbele au ya nyuma, anauliza Baba Anitha

Anitha amemwaga unga wa muhogo, na sio kwa bahati mbaya. Amefungua ndoo mwenyewe, ameumwaga kwenye mkeka, amechukua kisufuria, na sasa hivi nimemkuta anausukuma nacho, akitambaa kwa magoti huku ananguruma mdomoni kama trekta. Ameinua uso, mweupe mpaka kope, akaniambia, "Mama, theluji ya baba."

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Nilikaa pale pale chini nikacheka, halafu kicheko kikageuka kitu kingine, nikajifuta na pindo la kitenge kabla mtoto hajaniona.

Leo Jumamosi, hapa Kibondo. Tangu asubuhi mawingu yamelala juu ya mabati na kuna kale kabaridi ka sweta. Mvua za kwanza zinatutishia tu, zinanguruma upande wa Kasulu halafu zinanyamaza. Ni siku ambayo ukiwa na mwenzio nyumbani mnakaa jikoni, mnafukia viazi kwenye majivu na hamsemi kitu cha maana mpaka jioni.

Wangu yuko Kanada.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: Baba Anitha ni dereva wa trekta. Alilima mashamba ya watu kuanzia huku kwetu mpaka Kasulu na Buhigwe, ndipo wakapatikana watu waliokuwa wanatafuta madereva wa kwenda kufanya kazi mashambani nje. Aliondoka Anitha hajui hata kukaa bila kushikwa. Sasa hivi anakimbia, anatukana kuku kwa Kiha, na baba yake anamjua kwa kioo cha simu. Anafanya kazi kwa mzee mmoja mwenye ng'ombe wa maziwa. Mkataba wake unaisha baridi hii inayokuja ikiisha. Nimekuwa nikiishi kwa sentensi hiyo moja.

Basi juzi ikaingia sauti yake. Ilikuwa ndefu. Mama Anitha habari za huko, mama mzima, mtoto anakula, kuku wanataga, paa la jiko bado linavuja, mvua vipi, Muyama kwenu hawajambo. Nikawa najibu peke yangu kama mwehu, ndiyo, ndiyo, hawajambo. Mwisho kabisa akasema, "Kuna jambo la mashine. Nataka mawazo yako."

Jamani. Mimi niliyeishia kidato cha pili, niulizwe mashine ya kurusha theluji.

Alinieleza taratibu, nami naeleza nilivyoelewa. Kule theluji ikianguka inaziba njia, lori la maziwa haliwezi kuingia, na maziwa yasiyochukuliwa yanamwagwa. Kwa hiyo kila asubuhi kabla lori halijaja, trekta inatoka na mashine inayoila ile theluji na kuirusha pembeni kwa bomba. Mzee mashine yake ya zamani imekufa. Amemwambia Baba Anitha achague mpya mwenyewe, kwa sababu yeye mzee kiuno kimechoka, hatapanda tena trekta.

Ziko za aina mbili. Ya nyuma inafungwa kama plau yetu ya huku, kwenye ile mikono mitatu nyuma ya trekta. Unachomeka shafti, kile chuma kinachozungushwa na injini, kazi imeisha, na siku ya kuitoa unaitoa. Ila ili ifanye kazi lazima urudi rivasi, asubuhi nzima, kichwa umekigeuza unatazama ulikotoka. Ya mbele inakaa puani mwa trekta. Unakwenda mbele, unaona unachokifanya, shingo imetulia. Lakini trekta ya mzee haina shafti upande wa mbele. Lazima mafundi waje waifungue, waweke vyuma vipya. Hakuna mtu anayehangaika hivyo kwa ajili ya theluji ya msimu mmoja.

Hapo akapitisha maneno haraka haraka, kama mtu anayepita mbele za wakwe. Alisema mzee ameahidi kwamba ikifungwa ya mbele, mkataba unaongezwa miaka miwili. Ikifungwa ya nyuma, anamaliza baridi hii na maharage ya msimu wa pili yakivunwa atakuwa nyumbani.

Halafu akarudi kwenye vyuma kana kwamba hakusema kitu. "Sasa wewe unaonaje? Ya mbele au ya nyuma?"

Nilimsikilizisha mama mkwe. Alikuwa uani anamenya muhogo, hakuacha hata kisu.

"Hiyo theluji wanairusha wapi?"

"Pembeni mama. Kuna bomba."

"Pembeni kwa nani? Kwa jirani?"

"Sijui mama."

"Basi huko hakuna majirani. Huku ukimrushia mtu uchafu uani kwake, kesho yake mko kwa mwenyekiti wa kijiji." Akatupa ganda. "Na kwa nini wasisubiri jua?"

"Anasema jua la huko halina nguvu."

Kisu kikasimama. "Sasa mwanangu anafanya nini mahali ambapo jua halina nguvu?"

Nikaingia ndani nikajifanya natafuta chumvi.

Nikamrudishia sauti. Nilisema nini? Nilimwambia aulize mafundi wa huko, wao ndio wanajua. Akajibu, mafundi wamesema zote nzuri, ya nyuma trekta inakuwa nzito kwenye matairi makubwa na haitelezi, ya mbele ni rahisi kwa mwili, wewe unaonaje. Nikamwambia tumwombe Mungu. Akajibu, ndiyo tumwombe, ila wewe unaonaje.

Mara tatu!

Mwanaume huyu anafungua gia boksi gizani na kuirudisha bila skrubu kubaki. Tangu lini akaniuliza mimi habari za chuma?

Sisi Waha na salamu zetu. Mtu anakuja kukuambia nyumba yako inaungua, lakini kwanza atapiga makofi ya salamu, akuamkie mwakeye, watoto vipi, mbuzi vipi, shamba vipi, na wewe unamjibu yote, moshi unaonekana. Leo asubuhi nikiwa natwanga ndipo nilipogundua kwamba Baba Anitha bado yuko kwenye salamu. Mashine ni salamu. Anachouliza ni kama akae au arudi, na hawezi kukitamka. Na mimi nimekuwa nikimjibu mbuzi hawajambo.

Moyo wangu mimi unasema ya nyuma. Nisidanganye watu hapa. Unasema ya nyuma, ya nyuma, ya nyuma, aje. Namtamani mpaka harufu yake ya dizeli. Kuna shati lake silifui. Nikipita barabarani na trekta ya mtu mwingine ikapita, nageuka kabla akili haijanikataza.

Lakini ile shingo naijua.

Nilikutana nayo kabla sijakutana naye. Alikuja kulima shamba la mama yangu kule Muyama, sisi wasichana tunafuata plau tunaokota mizizi ya nyasi. Huyu kijana siku nzima kageuza kichwa anatutazama. Mimi nikajua ananitazama mimi. Kesho yake nikaenda shambani na kitenge kipya na hereni, mama akaniuliza kama kuna harusi humo kwenye matuta. Tulipokuja kuoana nikamkumbusha, akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe alikuwa anatazama plau, mtaro usipinde. "Ila siku ya hereni," akasema, "mtaro ulipinda. Nenda ukaangalie."

Msimu wa kulima ukiisha alikuwa halali chali. Nilipasha mawese nikamkanda upande wa kulia, nyama yote kuanzia sikio mpaka bega imekaza kama kamba ya ndoo kisimani. Hiyo ni kwa joto la huku. Baridi iliyopita nilimwona kwenye simu, amemaliza kazi na ile mashine ya zamani, nayo ilikuwa ya nyuma. Mzee alimwita. Hakugeuza kichwa. Aligeuka mwili mzima, mabega na kiuno pamoja, kama mtu mwenye ndoo kichwani. Nilimuuliza, akasema ni koti nene.

Sasa nimwambie achukue ya nyuma? Nimnunue kwa shingo yake?

Na upande mwingine kuna miaka miwili. Mama mkwe hataki kuisikia, na ana sababu yake. Baba yake alichukuliwa manamba, wale waliopelekwa kukata mkonge Tanga. Alisema anarudi mtama ukivunwa. Mtama ulivunwa, ukavunwa, ukavunwa. Aliporudi, mama mkwe alikuwa ameshaolewa, na baba na binti wakapeana mkono kama wageni. Mama mkwe hulisimulia hilo bila kulia, akiwa anachambua maharage, na hiyo ndiyo inayoniogopesha. Namwangalia Anitha, najiuliza atampa baba yake nini, mkono?

Basi mchana huu nimemjibu bila salamu.

Nilianza mara nyingi nikafuta, kwa sababu kila nikianza mdomo wenyewe unasema habari za huko. Mwisho nikafumba macho. Nikasema, "Baba Anitha, funga ya mbele. Shingo yako naitaka nzima. Lakini miaka miwili bila kukuona mimi siwezi, na mtoto hawezi. Mwambie huyo mzee kwamba kabla hujakubali mkataba unataka kuja nyumbani theluji ikiisha, umshike mtoto wako, halafu urudi. Mwambie wazi. Na akikataa, chukua ya nyuma, umalize, uje, nitakukanda."

Nikatuma. Nikaificha simu kwenye kitenge kama nimeiba.

Najua nimemwambia afanye kitu kigumu. Kumwomba mzee aliyekupa kazi, na wewe unakula mezani kwake, kwake hiyo ni kama kumvua mtu kofia. Atazunguka. Ataanza na ng'ombe wa mzee, kiuno cha mzee, mvua ya mzee. Wale wenzetu wa huko sidhani kama wanasubiri mtu amalize kuzunguka. Ndiyo maana nimemwambia wazi, wazi, mara mbili, na mama mkwe aliyekuwa mlangoni muda wote bila mimi kujua akasema, "Mwambie na mara ya tatu, kichwa chake kigumu kama cha marehemu baba yake."

Ameshasikiliza, vile vialama vimegeuka bluu. Kule ndiyo kwanza kumekucha, atakuwa ametoka kukamua. Pale juu pameandikwa anarekodi. Pamezimika. Pameandikwa tena. Namwona kabisa, amesimama zizini na simu mdomoni.

Sijui atasema nini. Nina matumaini, na sioni aibu kuwa nayo. Nimeshaanza kumfundisha Anitha, akija mtu mrefu anayegeuka mwili mzima, mkimbilie, usimpe mkono, mrukie tu, na yeye anasema ndiyo halafu anauliza kama atakuja na ile theluji ya

Naitwa. Mvua imeshuka kweli sasa na muhogo wote uko nje, mama anapiga kelele uani, "Mama Anitha! Muhogo!" Naja mama! Na sauti ya Baba Anitha ndiyo inaingia sasa hivi, ni fupi, haijawahi kuwa fupi hivi, haina hata nafasi ya salamu, Mungu wangu, muhogo kwanza, nitaisikiliza huku naanua