Anayeisoma Kabla Yako

Namatala, Mbale
Ijumaa, baada ya swala

Baba Hasifa wangu,

Amani ya Mwenyezi Mungu ikukute humo gerezani Jinja. Sisi wazima. Hasifa ameshona gauni lake la kwanza, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, na analivaa hivyo hivyo. Mto wako nauanika juani kila Jumamosi.

Jumatano ilikuja tume ya haki za binadamu kusikiliza watu. Nikasimama, nikasema mume wangu mwaka wa tatu huu anangoja kesi, na mara mbili nimefika langoni nikarudishwa. Mzee wa tume akauliza, "Mama, anapata barua zako?"

"Naandika kila Ijumaa, afande."

Ukumbi mzima ukacheka, naye akacheka. "Mimi si afande, mama. Nauliza, zinamfikia?"

Nikamwambia sijapata jibu hata moja. Akasema kupata barua ni haki yako, imeandikwa. Nikamshukuru. Njiani nikawaza, barua zangu pia zimeandikwa.

Sasa niruhusu niseme kidogo na huyu anayeifungua barua kabla yako.

Afande, salaam. Habari zetu zote unazijua, hata za gauni. Sikulaumu, kazi ni kazi. Ukimaliza kusoma, nakuomba umpelekee. Na kama hayumo tena humo, basi niandikie wewe.

Ni mimi Zahara, mke wa Wahab fundi baiskeli.