Sarafu ya Vichwa Viwili

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba, na Mama mfikishie yake kabla hujaendelea kusoma. Goti linasemaje siku hizi? Mama bado anakuficha kile kiti cha sebuleni usije ukalala hapo mchana kutwa? Mimi ni mzima wa mwili. Barua hii nimempa shemeji ailete mkononi kwa sababu simu siiamini tena, na utaona kwa nini. Isome ukiwa umekaa.

Kazini ni yale yale. Watu wanatuletea dukani sarafu kutoka mifukoni mwao tuzinunue, wakidhani wameokota utajiri, eti kiwanda kilikosea. Nyingi wamezikosea wenyewe kwa nyundo na tupa. Juzi mmoja kaleta yenye pengo, kama imeng'atwa. Nikamwambia aache kulitazama pengo, atazame ukingo wa upande wa pili. Kiwandani, chuma kikipungua upande mmoja wakati wa kugonga chapa, ukingo wa ng'ambo yake hutoka umefifia. Wa kwake ulikuwa mnene, mzima kabisa, maana pengo lilikatwa nyumbani baadaye. Akanuna, akaniita mchawi, akaenda zake.

Huyo alikuwa mteja wa kawaida. Jumanne akaja yule tunayemwita Mpole. Hapandishi sauti hata siku moja, na kila akiingia, tajiri wangu hukumbuka ghafla kwamba ana shughuli stoo. Hata askari wa mtaani wanawahi kumwamkia. Alikaa mbele ya meza yangu, akatoa sarafu, akaniambia nichague, kichwa au namba. Nikasema namba, mazoea tu. Akairusha, ikaangukia kioo cha meza kwa mlio butu, kichwa juu. Alionekana kuridhika kwa namna ambayo sikuielewa, akanisogezea niikague.

Nikaigeuza. Upande wa pili, kichwa tena. Wewe unajua, kwenye mashine ya kiwandani chapa ya kichwa haiingii mahali pa chapa ya namba, kwa hiyo vichwa viwili karibu siku zote ni kazi ya karakana. Mtu hukereza sarafu moja iwe kisahani, nyingine iwe kifuniko, akazipachika. Nikashika lenzi kutafuta mshono, nikaukuta ndani ya ukingo, mwembamba kama unywele. Nikasema moyoni, fundi huyu si mchezo. Halafu nikaona mkwaruzo chini ya kidevu.

Mkwaruzo ule niliuchora mimi kwa msumari, nikiwa mdogo. Ni ile sarafu yako ya kuamua nani atoke kwenye baridi akafunge geti. Wewe ulikuwa unadai kichwa kabla haijapaa, mimi nabaki na namba, natoka kila siku nikinung'unika huku nyie mnacheka. Niliitia alama nikukamate, mpaka Mama aliponionea huruma akanigeuzia upande wa pili. Na mwaka huu Mama aliniambia umemuuzia dalali kopo zima la vikorokoro vya karakana. Najua hukumdanganya mtu. Ni dalali ndiye aliyemuuzia Mpole, akiapa kwamba hilo ni kosa la kiwanda.

Nilimwambia Mpole sarafu ni ya kuunganisha, basi, sikuongeza neno. Akasema anajua. Akanieleza, kwa sauti ile ile ya kubembeleza mtoto, kwamba alimrushia dalali pia, na dalali akadai kichwa papo hapo. Asiyeijua, alisema, hufikiri kidogo. Anayeijua hawezi kujizuia. Dalali huyo nimemwona kwa macho yangu. Mikono yote miwili ina plasta ya kuunga mifupa mpaka viwikoni, na anadai aliteleza bafuni.

Sasa Mpole anamtaka fundi. Dalali alimwambia ni mzee mwenye mashine ya kukereza, ila mji akasema haukumbuki. Nadhani alikuhurumia. Kabla ya kuondoka Mpole aliazima simu yangu, yake eti imeisha chaji, akatoka nayo nje. Aliponirudishia hakuwa amempigia mtu. Kioo kilikuwa wazi kwenye namba yako, pale nilipoandika Baba.

Kuna kitu nimekiruka, na yote haya nimeandika nikikizunguka. Alipoingia, kabla hajarusha chochote, alinikuta nimeshika sarafu ya mtu kwa kingo zake, naigonga kioo na kuisikiliza. Akanisifu. Akauliza nani alinifundisha. Nikavimba kichwa kama bwege. Nikamwambia ni baba yangu, fundi, na mashine yake ya kukereza iko uani kwetu mpaka leo. Nikamtajia mji, nikamtajia na mtaa, wala hakuwa ameuliza. Ni mimi, Baba. Naona aibu na naogopa, sijui kipi kimezidi.

Mchukue Mama muende kwa shangazi leo leo, shemeji atawasindikiza. Mashine iacheni. Lakini nakujua, utasema hukimbizwi kwenye nyumba uliyoijenga mwenyewe. Basi ukikaidi, nisikilize hili moja tu. Atakuja mtu wa sauti ya chini, atapiga hodi kistaarabu, na Mama atamvutia kiti. Atatoa sarafu na kukuomba uchague.

Mbusu Mama kwa niaba yangu, na barua hii usimwonyeshe. Mungu awalinde wote wawili.

Na Baba, nakuomba, safari hii sema namba.

Mwanao akupendaye,
Mfunga geti wako