Nyumba Yenye Moto wa Aina Mbili

Fort Worth, Texas

Mama yangu,

Kifua kinaendeleaje? Naanza na kifua kwa sababu ukiulizwa hali utasema u mzima, hata kama umekohoa hadi majirani wakaamka. Sisi hatujambo. Kamau bado yuko na lori lake, mimi bado nafanya kazi wodini, na Wambui kila Jumapili anauliza kama kuku wako wamekua. Tumbo nalo limekuwa kubwa, siku hizi Kamau ndiye ananifunga kamba za viatu.

Naandika kwa sababu kwenye simu, nikitaja tu neno kuja, unaanza kunihadithia mvua. Barua huwezi kuikatia maneno. Dada mmoja wa kanisani anasafiri, ataileta mpaka Nyahururu, na nimemwambia asiondoke hapo kabla hujavaa miwani.

Sijasahau ulichosema. Ulipokuja Wambui alipozaliwa, umeme ulipotea kwenye ile apatimenti wakati wa barafu, ukalala na koti, kofia na viatu, na kifua kikakubana hadi nikaogopa kukupoteza. Pale uwanja wa ndege ukaniambia, "Njoki, nakupenda, lakini sitarudi kulala ndani ya friji." Mama, nililia njia nzima. Wala sikukulaumu. Mtu aliyezoea baridi ya Nyahururu akisema ni baridi, basi ni baridi.

Sasa sikiliza. Tumenunua nyumba. Kila tuliyoonyeshwa niliuliza kitu kimoja tu: joto linatoka wapi? Ajenti wetu, Mkenya mwenzetu, alinichoka. "Njoki, watu huuliza shule na jikoni!" Nikamwambia shule haina kifua.

Hii tuliyopata ina mfumo wa joto wanaouita haibridi. Usiogope jina. Ni kama jikoni kwako: una meko ya gesi na una jiko la makaa. Huwashi makaa kwa kikombe cha chai, na githeri yenye maharagwe makavu huipiki kwa gesi. Nyumba hii nayo ina mashine mbili. Moja iko nje, ya umeme, inavuta joto kutoka kwenye hewa na kulileta ndani. Ati hata hewa ya baridi ina joto! Nilibisha sana, lakini ndivyo ilivyo. Baridi ikizidi, hiyo inapumzika na tanuri la gesi lililo darini linashika zamu. Huamki kuwasha chochote, kuna kidude ukutani kinachojua wakati wa kubadilisha.

Kabla ya kutia sahihi nilimwita Baba Amani, Mkongo wa kule Haltom City tunayesali naye, fundi wa mitambo hii. Akanifundisha kuuliza umri wa kila mashine kivyake, maana moja inaweza kuwa mpya na mwenzake mzee, na zilihudumiwa lini mara ya mwisho. Akataka kuona pia kengele inayopiga kelele gesi ikiungua vibaya, kwa sababu hewa yake ya sumu haina harufu. Akaniambia nisishtuke nikihisi upepo wa mashine ya nje ni wa vuguvugu tu, haubabui kama wa tanuri.

Ndipo nikauliza swali lako. Umeme ukipotea je?

Akanijibu kwa Kiswahili chake cha Kongo: "Mama, siwezi kukudanganya. Yote mbili itasimama. Gazi iko, lakini feni yenye inasukumaka moto inakulaka umeme."

Haki! Yaani mashine mbili, na bado tungerudi kwenye friji! Nilitaka kuiacha nyumba hapo hapo. Baba Amani akanituliza: lile tanuri halili umeme mwingi, jenereta ndogo inaliweza. Basi tulipohamia tukamleta fundi wa umeme aliyesomea, akaweka swichi ya jenereta vizuri. Siku moja tukazima umeme wa nyumba nzima makusudi. Kimya kikaingia. Kamau akawasha jenereta huko nje, mbali na madirisha, nami nikasimama katika chumba chako na mkono kwenye tundu la hewa. Likaja joto, Mama. Nikalia tena, we acha tu.

Sasa ucheke kidogo. Baridi ya kwanza ilipoingia, ile mashine ya nje ikaota barafu, kisha ikaanza kutoa moshi mweupe. Unajua kwetu kitu kikishikwa na baridi kinafunikwa, awe ndama, iwe miche ya kabeji. Mkweo akatoka na lile blanketi jekundu ulilotuachia, akaivika mashine, akafunga na kamba! Mpaka jioni nyumba ikawa baridi, maana huko nje hakujafika baridi ya kuamsha tanuri. Baba Amani alipokuja alicheka hadi akakalia sanduku lake la vifaa. Kumbe ule si moshi, ni mvuke, mashine inajiyeyushia barafu. Inataka kupumua, haifunikwi kamwe. Kamau akasema kwa upole, "Nilidhani inaumwa." Nilimpenda upya, Mama, ingawa nilimfokea kwa sababu ya blanketi.

Nimelifua. Limetandikwa kitandani kwako.

Msalimie mjomba, kaka yako, umwambie koti aliloniagiza halijasahaulika. Msalimie Mama Ciku jirani, na usijaribu kunipa kisingizio cha ng'ombe, nimeshaongea naye. Amekubali kumkamua mpaka urudi. Wambui anakuandalia wimbo, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, utauvumilia.

Kuna jambo moja nimeliweka mwisho. Daktari ameniambia ni msichana. Wa kwanza alipata jina la mama yake Kamau, kwa hiyo huyu ni wako, huyu ni Nyokabi. Baridi ya huku haijaisha na mtoto hangoji, nami siwezi kukuapia kwamba umeme hautapotea. Nimekuambia yote kama yalivyo. Lakini sitaki kuliita jina lako kila asubuhi ndani ya nyumba ambayo wewe mwenyewe unaogopa kuingia.

Njoo, Mama.

Mimi mwanao, anayekutandikia,
Njoki