Niliyemwalika Ni Mama

Mahé, Shelisheli

Dada Nakunda,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umerudi salama kutoka shule, magoti ya Mama yametulia na maji yanatoka huko Kinyerezi. Mie mwili ni mzima. Moyo ndio haujakaa sawa, na sitakuficha: naandika nikiwa na hasira, na nyingine ni zako. Ningepiga simu, lakini kwenye simu unaniambiaga, "Tutaongea Yona, nasahihisha madaftari," halafu hatuongei. Ndiyo maana nimempa barua hii fundi mwenzangu anayerudi kwao Mbagala, akuletee mkononi. Isome mpaka mwisho.

Unajua safari ya Mama ilivyoanza. Baba alipofariki nilikuwa huku, sikuwahi mazishi. Mama hakunilaumu. Alisema tu, "Siku moja nataka nione unapolala." Tangu hapo nikawa nampangia. Madam Odile, mwenyeji wa hapa ambaye karakana yake ndiyo ninayofanyia kazi, tunatengeneza milango na vitanda vya nyumba za wageni, ana kijumba cha vyumba viwili nyuma ya karakana. Nilimwomba anipe kijumba hicho kwa likizo hii ya Desemba. Akasema, "Kwa mama yako, hata mwezi." Nikaziba paa, nikapaka rangi. Nikatengeneza kitanda kifupi, maana nayajua magoti yale. Nilitaka akikaa nyayo ziguse sakafu bila kujivuta. Tangu nijifunze ufundi pale Keko sijawahi kupiga randa mbao kwa utulivu kama ule.

Hatukupanga makubwa. Mama alisema bahari hana haja nayo, na boti ndiyo kabisa. Alitaka asali kanisani kwangu, aende sokoni aone wenzetu wanauza nini, na awaone wale kobe wakubwa niliomsimulia, kobe mzito kuliko mie. Akaniuliza kama wanakula majani ya mgomba. Huo ndio ulikuwa mpango wetu mzima, na tulikuwa tunauzungumza kila Jumapili akitoka ibadani.

Sasa wiki iliyopita Kaka Eli akanitumia ujumbe: mipango imebadilika, Mama hataiweza safari, anakuja yeye na shemeji Happy. Hakuniuliza. Akaambatisha nakala za pasipoti zao niwaombee mwaliko, na chini yake ratiba: boti ya kwenda visiwa vidogo, kuogelea na miwani ya majini, chakula cha jioni kwenye hoteli ya ufukweni. Mie nitafute gari la kukodi. Niliwahi kumtumia picha ya kile kitanda. Akaandika, "Hicho mbona kama cha mtoto, weka sita kwa sita."

Nikampigia Mama kwanza. Nikamwambia nimesikia hawezi kusafiri.

"Si wewe uliyesema, baba?" akauliza. "Kaka yako ameniambia umepata wageni, nyumba haitoshi. Usijisumbue. Vile vitenge vya safari nimempa Nakunda aviweke kabatini."

Dada, nilikuwa nimeshika msasa. Nikakaa chini kwenye vumbi la mbao. Mama anaamini mwanawe wa mwisho ametoa nafasi yake kwa watu wengine, na bado ndiye anayenifariji mie.

Ndipo nikampigia Kaka. Nilimwamkia, maana ni mkubwa na ndiye aliyekalia kiti cha Baba. Nikamwuliza kwa nini amempa Mama maneno ambayo sikuyasema.

"Ulitaka nimwambieje?" akasema. "Kwamba amezeeka? Kiingereza hajui, atapotea pale Nairobi kwenye kubadilisha ndege. Nimemsaidia asiumie."

"Umemsaidia kwa kinywa changu."

"Usikuze mambo. Mie na Happy hatujapumzika tangu tuoane. Wewe unakaa peponi peke yako, sie huku tunasota. Na Mama akija ataona nini? Atakaa kibarazani tu, kama anavyokaa huku."

Nikamwambia ndicho ninachotaka, akae kibarazani, ila kiwe changu. Hiyo pepo anayoisema hajui ikoje. Nalala chumba kimoja na wanaume watatu, mvua ikishika nguo hazikauki, na hiyo boti ya visiwani sijawahi kuipanda tangu nifike. Nikamwambia akitaka kupumzika aje mwakani, atafute hoteli yake, nitampokea uwanja wa ndege kwa mikono miwili. Lakini nyumba ile niliiomba kwa jina la Mama. Akaniambia nisimwite kaka tena, akakata simu.

Nirudi kwako sasa. Wewe ndiye unayeishi na Mama. Ulikuwa umekaa hapo hapo sebuleni Kaka akisema uongo ule, Mama ameniambia. Vitenge ulivipokea kwa mikono yako ukavifungia kabatini. Nilipokuuliza kwa ujumbe ukanijibu, "Sikutaka ugomvi." Ugomvi upi, dada? Ugomvi ulikuwepo tayari, ila mlimwachia Mama aubebe peke yake, kimya kimya, akidhani umetoka kwangu. Mwanafunzi wako angefanya hivyo ungemsimamisha mbele ya darasa. Kaka umemwacha akaondoka, na najua na chai ulimpa.

Jumapili nimemweleza Mama ukweli wote. Hakumsema Kaka vibaya. Aliuliza tu, "Happy anajua?" Nikasema sijui. Akasema, "Usimwambie wewe. Mwache mumewe amwambie." Kisha akanikataza nisimchukie kaka yangu. Nikamjibu nitajaribu. Bado sijaanza kujaribu.

Kuhusu Nairobi, Kaka hajakosea, na inaniudhi kumkubalia hata hilo. Mama hawezi kuuvuka uwanja ule peke yake. Nikawa nawaza nani amlete, huku nikiendelea kukukasirikia wewe, mpaka nikagundua kwamba katika maneno yote haya, yangu na ya Kaka, hakuna aliyekuuliza unataka nini. Unamwamsha Mama, unamkanda, unaenda shule, unarudi, unapika. Likizo yako sie wanaume wawili tumekuwa tukiigawa kana kwamba ni yetu.

Kwa hiyo mwaliko ambao Madam Odile ameusaini una majina mawili: la Mama na la kwako. Chumba cha pili kipo. Pasipoti ya Mama iko tayari. Nenda ukaombe yako mapema, kabla shule haijafungwa.

Usidhani nimekusamehe. Ukifika tutagombana vizuri, Mama akiwa amelala. Ila sitaki kusikia tutaongea. Nipigie unijibu mwenyewe, kwa mdomo wako, unakuja au huji. Ukisema huji kwa sababu hutaki, nitaelewa na nitatafuta njia nyingine. Kama ni kwa sababu Kaka atakasirika, hiyo simu usiipige.

Nisalimie mama jirani anayemsuka Mama nywele, na mwinjilisti wa mtaa aliyesimama na nyie kwenye msiba. Wasalimie watoto wa Kaka, waambie baba yao mdogo anawakumbuka. Shemeji Happy naye msalimie. Yeye simlaumu mpaka nijue alichoambiwa. Mama mwambie kobe wanakula majani ya mgomba, nimeuliza.

Na Kaka Eli akipita hapo, mpe shikamoo yangu. Alisema nisimwite kaka tena. Mie sikumwahidi.

Mdogo wako,
Yona