Jiwe la Mama Limeng'olewa

Gantry Fork,
Kaunti ya Harlow, Tennessee.
20 Aprili 1947

Mpendwa kaka Hoyt,

U hali gani huko Detroit? Mgongo umepoa, au kiwanda cha magari bado kinakukamua? Mimi na watoto tu wazima. Baba mdogo Arvil anakohoa na macho yamefifia, ila mdomo uko palepale. Ningeendelea kukusalimu, lakini moyo unanichemka.

Unakumbuka jeshi lilivyotufukuza bondeni wajenge kiwanda cha baruti. Walisema vita vikiisha tutarudi. Vimekwisha, tumerudi wapi? Shamba letu la mahindi kando ya mto limejaa mabati, na wageni waliokuja kiwandani hawakuondoka. Mji umevuka reli, unapanda mlima. Kilima cha makaburi yetu jeshi lilikirudisha kwa kaunti, na kaunti ikamuuzia mjenzi wa nyumba!

Jumapili iliyopita nilipanda kufyeka nyasi, maana mwezi ujao ndio siku ya kupamba makaburi. Hoyt, mawe hayapo! Si unajua sisi hatukuchonga majina. Jiwe la mtoni lilitosha, kila mtu alijua lake. Wajenzi wameona mawe tu. Wamejengea ukuta wa bustani, na kilima wamekisawazisha kwa trekta.

Nilimvaa yule mjenzi, Bwana Prentiss.

"Bibi, kaburi lisilo na jina ningelijuaje?"

"Ungeuliza! Huo mdomo ni wa kulia mkate tu?"

Akanywea. Akasema nimwonyeshe Mama amelala wapi, hapo hatachimba. Misingi anaanza mwezi ujao.

Miti imekatwa, sikujua hata pa kuelekeza kidole. Ni wewe uliyechimba lile kaburi, ukapima hatua kutoka kwenye mwamba mkubwa, na mwamba bado upo.

Najua uliapa hutakanyaga huku tena kwa sababu Arvil alisaini karatasi ya kulipa jeshi shamba bila kukuuliza. Meza kiapo chako, bwana! Umemnunia Arvil, anayelipa ni Mama. Nimechoka na nyie wawili.

Arvil anakusalimu, ingawa amenikataza kuandika hivyo. Lottie wangu anamsalimu mkeo Delphia. Mungu akulinde njiani, maana utakuja.

Jiwe la Mama, lile lenye mshipa mweupe, nimeling'oa ukutani kwa mikono yangu. Liko hapa jikoni, na sina pa kuliweka.

Dada yako akupendaye hata leo,
Verna