Harufu ya Petroli na Ijumaa Tatu za Neema

Jumamosi, asubuhi. Manyunyu yameanza tangu alfajiri na Kibondo yote imejaa ukungu. Neema bado amelala chumbani. Mimi nimekaa jikoni na simu, nina hasira, na safari hii sina wa kumsingizia.

Neema ni binti yangu, ana miaka minane. Anaishi Kasulu na baba yake. Tulipoachana tulikubaliana siku za shule akae kwake, mwisho wa wiki awe kwangu. Kila Ijumaa nikitoka kufundisha naendesha hadi Kasulu namchukua, Jumapili namrudisha. Umama wangu wote umebaki kwenye siku hizo mbili.

Sasa mwezi huu gari likaanza kunuka petroli.

Siyo kidogo. Harufu ya kukaba koo, inaingia kwenye nguo, kwenye nywele, mpaka kwenye chapati nilizofunga za kula njiani. Ijumaa ile ya kwanza nilikuwa nimetoka kujaza mafuta Kasulu, nikampitia Neema, tukaondoka. Hatujafika hata Makere akawa ameshatapika mara mbili, analia kichwa kinamuuma. Nikageuza gari. Baba yake alimpokea mlangoni, akamfuta uso, akaniambia kwa upole wake ule unaoniudhi kuliko matusi, "Mama Neema, tengeneza gari kwanza. Kabla ya hapo mtoto hapandi."

Alikuwa sahihi, na ndiyo maana iliniuma.

Kesho yake nilikuwa gereji kwa Fundi Baraka, hapa hapa Kibondo. Akazama chini ya gari, akafungua boneti, akanusa huku na huku. "Mwalimu, mbona mimi sisikii kitu?" Akabadilisha filta ya mafuta kwa kubahatisha. Nikatoka, nikajaza tangi, na kabla sijafika nyumbani harufu imerudi.

Jumamosi ya pili, hivyo hivyo. Akaweka mfuniko mpya wa tangi. Nikajaza, likanuka. Nilikuwa nachemka. Kwenye ofisi ya walimu nilimsema yule fundi mpaka wenzangu wakachoka: hajui kazi, ananichezea, ameona mwanamke hana mtu wa kumtetea. Naandika haya kwa aibu.

Maana kuna jambo sikumwambia mtu. Nilipohamia huku kutoka Singida, wenzangu walinionya nisipeleke gari gereji likiwa na mafuta, mafundi watayanyonya. Nikalishika hilo kama amri. Kila mara kabla ya kwenda gereji namwita jirani yangu, Mzee Gwasa, dereva mstaafu. Anayavuta mafuta kwa mpira mpaka taa nyekundu ya mafuta kuisha inawaka, tunayaweka kwenye dumu nyuma ya nyumba. Nilijiona mjanja kweli.

Jumamosi iliyopita, mara ya tatu, Fundi Baraka hakuinama hata kidogo. Alichungulia dashibodi, kisha akanitazama.

"Mwalimu, kila ukija taa inawaka. Unaogopa nitakunyonyea mafuta?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

Wala hakukasirika. "Mimi nakula jasho langu. Kajaze mpaka shingoni, uniletee hivyo hivyo."

Nikajaza. Akainua nyuma kwa jeki, akatoa tairi, akalitikisa gari kidogo, akaniita nione mwenyewe. Ule mpira mnene unaopitisha mafuta kutoka kwenye mfuniko kwenda kwenye tangi ulikuwa umepasuka upande wa juu, ufa mdogo wa kama ukucha. Tangi likijaa, petroli inafika kwenye ufa na kuchuruzika. Likipungua, hakuna kinachovuja. Yaani wiki zote hizo nilikuwa nauondoa ushahidi mwenyewe, halafu namtukana fundi kwa kutouona.

Mpira mpya ulipatikana dukani pale sokoni, na kazi nzima haikufika saa moja. Nilimwomba radhi. Akacheka, akasema wengi tunafanya hivyo, ila wengine huwa wanabakiza hata robo.

Jana nikaenda Kasulu, nikajaza tangi makusudi, nikafunga vioo vyote. Hakuna harufu. Neema akaingia, akanusa kiti, akanusa mkanda, akatabasamu. Njiani nikamsimulia yote: fundi, ufa, Mzee Gwasa na dumu lake. Nilisimulia kwa mbwembwe, nikitaka aone nilivyopambana ili aje kwangu. Akacheka kwenye sehemu za kuchekesha.

Tulikuwa tumeshapita Makere alipouliza, bila hasira, kama anavyouliza mambo yake yote:

"Mama, kwa nini hukupanda basi ukaja kuniona?"

Mabasi yapo. Nauli ninayo. Jumamosi zote tatu nilikuwa mzima wa afya, nimekaa kwenye benchi la gereji nagombana na harufu, na mwanangu yuko Kasulu. Tungekaa hata kwenye mgahawa tukala chipsi, tukaongea, nikarudi zangu. Wazo hilo halikunijia kichwani hata mara moja. Nilikuwa natafuta wa kumlaumu: gari, fundi, baba yake. Kumtafuta yeye nilisahau.

Nilimwambia sijui. Akasema "haya," akageukia dirishani.

Usiku mzima nimetunga majibu, na yote yana gari ndani yake. Yote ni visingizio.

Namsikia anaamka. Ngoja niweke simu chini, nikamwambie kwamba sikufikiria, na kwamba nilikosea, kabla hatujanywa uji.